Kalenda ya Maktaba na Kaseti za Dandora

Maktaba ya chuo kikuu huwa na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mihula na mitihani, na hiyo kila mwanafunzi anaijua. Ya pili ni ya shughuli na maonyesho. Aprili 23 ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995. Juni 9 ni siku ya hifadhi za nyaraka. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyopitishwa na UNESCO Novemba 2021 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba ni ya makazi, na mwezi huohuo, tarehe 27, huadhimishwa urithi wa sauti na picha. Tarehe zinapokaribia, wakutubi hukutana, kabati la kioo hupanguswa vumbi, na mtu huuliza: safari hii tuonyeshe nini?

Kwa vyuo vikuu vya Nairobi, jibu la swali hilo liko mwendo wa matatu moja tu kutoka katikati ya jiji. Dandora inaweza kujaza makabati yote hayo, kuanzia Aprili hadi Oktoba, na vitu vikabaki.

Mtaa huu ulizaliwa kwenye karatasi. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilikubaliana kuhusu mradi wa ploti 6,000 mashariki mwa Nairobi, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Mpango wenyewe ulikuwa mgeni kwa wakati wake. Badala ya kujengewa nyumba nzima, aliyepata ploti alikabidhiwa kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mita za mraba 100 hadi 160, kikiwa kimeunganishwa maji na mfereji wa majitaka, na mara nyingi kikiwa na choo na bafu tu. Vyumba angejenga mwenyewe, polepole, kwa mkopo wa vifaa na kwa nguvu za jamaa na majirani. Kulikuwa na fomu za maombi, barua za kugawiwa ploti, vitabu vya malipo na michoro ya mafundi. Familia nyingi bado zinazo karatasi hizo, zimekunjwa ndani ya bahasha za kaki na kuwekwa juu ya kabati, kwa sababu ndizo ushahidi wa kwamba wao ndio wenye ploti.

Atakayeketi na mojawapo ya michoro hiyo atagundua jambo ambalo halionekani tena barabarani. Nyumba zilichorwa zikiwa za ghorofa ya chini pekee, zikizunguka uwanja wa pamoja ambao watoto wangechezea huku mama zao wakiwatazama kutoka mlangoni. Leo ploti nyingi zimepanda juu, ghorofa tatu, nne na zaidi, na aliyekusudiwa kuwa mkazi amekuwa mwenye nyumba za kupangisha. Mchoro wa miaka ya 1970 ukiwekwa kando ya picha ya ploti ileile ilivyo sasa, historia nzima ya makazi ya Nairobi inasomeka bila maelezo mengi: uhaba wa nyumba, kodi, watu wanaoendelea kuja mjini, na mpango mzuri uliozidiwa na idadi ya waliouhitaji. Hayo ni maonyesho kamili kwa Siku ya Makazi. Siku yenyewe ina deni kwa jiji hili, maana mwaka 1986 Umoja wa Mataifa uliiadhimisha kwa mara ya kwanza hapahapa Nairobi, kwa kaulimbiu iliyotaja makazi kuwa haki ya kila mtu.

Haimaanishi kwamba vyuo vimeisahau Dandora. Vimeichunguza mno. Mwaka 1980, wakati wenye ploti wengine wakiwa bado wanachanganya saruji, tayari kulikuwa na tasnifu kuhusu mradi huo iliyowasilishwa kwenye taasisi ya MIT huko Marekani. Tangu hapo wanafunzi wa mipango miji, afya ya jamii, muziki, isimu na mazingira hawajaacha kushuka na madodoso yao katika sehemu zote za mtaa, Phase 1 hadi Phase 5. Hazina ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye mtandao ukiiandikia neno Dandora inakujibu kwa kurasa na kurasa. Wakazi wamehojiwa kuhusu kodi, maji, uhalifu, moshi, lugha ya vijana na biashara ya vyuma chakavu. Wamejibu kwa uvumilivu mkubwa. Mhojiwa akishajibu, dodoso huondoka naye asiliona tena. Hupelekwa kuandikwa chuoni, hufungwa kwa jalada gumu, hupewa namba na kuwekwa rafuni.

Mfano mzito zaidi ni wa mwaka 2007. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri jijini Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu jaa la taka la Dandora, utafiti ukiwa umeongozwa na Njoroge Kimani. Jaa hilo lilianza kutumika miaka ya 1970, sambamba na mtaa wenyewe, na kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kujaa. Malori hayakuacha kuja. Watafiti walipima damu na mkojo wa watoto na vijana 328 wenye umri wa kati ya miaka 2 na 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa, pamoja na udongo wa eneo hilo. Nusu ya watoto hao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo, yaani mikrogramu 10 kwa desilita. Sampuli 42 kati ya kila 100 za udongo zilikuwa na risasi takriban mara kumi ya udongo usiochafuliwa.

Ripoti hiyo ni ya Kiingereza, kwa lugha ya maabara. Imenukuliwa na wasomi wa mabara yote. Lakini mzazi wa Phase 4 anayetaka kujua maana ya mikrogramu 10 kwa desilita, na afanye nini mtoto wake akionekana kuwa mzito wa kujifunza darasani, atasomea wapi? Hapa ndipo maonyesho ya maktaba yanapokuwa na kazi ambayo jarida la kitaaluma haliwezi kuifanya. Bango moja la Kiswahili sanifu, ramani ya eneo, mchoro wa mwili wa mtoto unaoonyesha risasi inavyoingia na inakokaa, na daktari aliye tayari kujibu maswali Jumamosi mchana. Chuo chenye kitivo cha tiba na maktaba hakihitaji wafadhili wa mbali kwa jambo hilo. Linahitaji uamuzi tu, na kuendelea kuliahirisha ni kosa.

Kuna picha moja ya Dandora ambayo imeonyeshwa duniani kuliko nyingine zote. Aprili 2012 mpigapicha Mmarekani Micah Albert alikuwa kwenye jaa, mvua ikinyesha. Alimkuta mwanamke mwokota taka ameketi juu ya magunia aliyoyajaza, amepumzika, ameshika kitabu anakisoma. Nyuma yake kuna takataka mpaka upeo wa macho. Maelezo ya picha yalisema kwamba mama huyo alitamani angekuwa na muda zaidi wa kutazama vitabu anavyookota, na kwamba hata katalogi za vipuri vya viwandani humpendeza, kwa kuwa humpa kitu kingine cha kufanya mbali na kuokota taka. Mwaka 2013 picha ilipata tuzo ya kwanza ya World Press Photo katika kundi la masuala ya kisasa, ikazunguka miji mingi katika maonyesho ya shirika hilo.

Wengi walioitazama walimwonea huruma. Wangeweza pia kumwona msomaji. Anachagua, anapenda hiki na kile, ana ladha yake, anaiba dakika za kusoma kazini kama wasomaji wote wafanyavyo. Msomaji wa namna hiyo ndiye ambaye kila mkutubi husema anamtafuta. Sura yake imeingia katika kumbi za maonyesho nje ya nchi. Waokota taka wenzake wangesimamishwa kwenye lango la vyuo vingi vya nchi yao na kuulizwa kitambulisho cha mwanafunzi.

Suala la nani aingie maktaba si geni Nairobi. Maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo na simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, hadi baraza la jiji lilipoichukua mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ni ya umma, na ina matawi mawili huku Eastlands, upande wa mashariki wa jiji: Kaloleni na Makadara. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha taasisi ya Book Bunk ili kuzikarabati maktaba hizo tatu. Matawi ya Kaloleni na Makadara yalipofufuliwa, yalifufuliwa pamoja na shughuli: saa za hadithi kwa watoto, mijadala, muziki, filamu, maonyesho ya picha kutoka hifadhi za maktaba zenyewe. Anayeingia haulizwi anasoma chuo gani. Mtu akitaka kujua kama watu wa Eastlands watakuja kwenye tukio la maktaba, jibu limeshatolewa, na limetolewa kilomita chache kutoka Dandora.

Tukirudi kwenye kalenda: Julai 7 na Oktoba 27 ndizo tarehe ambazo Dandora ingezitawala pasipo ushindani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa Dandora, Kama, Johnny na Oteraw, wakijiita Kalamashaka, walitoa wimbo wa rap kwa Kiswahili uitwao "Tafsiri Hii". Wakati huo redio za Nairobi zilijaa rap ya Marekani, na vijana wengi wa hapa waliorap walijitahidi kwa Kiingereza. Kalamashaka walizungumza kama mtaa unavyozungumza, kuhusu mambo ambayo mtaa unayaona. Kutoka kwao likakua kundi kubwa zaidi, Mau Mau, ambalo liliungana na Ukoo Flani wa Mombasa, likawa Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2004 ilitoka albamu ya pamoja "Kilio cha Haki". Studio ya Maono ikasimama Dandora kwenyewe, na mwaka 2006 ikatoka "Dandora Burning". Juliani, aliyekulia katika mtaa huo na kupitia Ukoo Flani, baadaye alianzisha kituo cha Dandora HipHop City ili watoto wa mtaa wapate pa kujifunzia sanaa.

Wasomi wa Kenya, Ulaya na Marekani wameandika makala juu ya mashairi hayo. Makala yanapatikana maktabani. Vitu vyenyewe je? Daftari ambamo ubeti uliandikwa, ukafutwa, ukaandikwa upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni, maneno ya mtangazaji yakiwa yamekatwa katikati. Bango la tamasha la mtaani lililochorwa kwa mkono na kunakiliwa kwa mashine ya fotokopi. Shati lenye jina la kundi lililochapishwa kwa wino wa bei nafuu. Vitu hivi viko majumbani mwa watu, chini ya vitanda na ndani ya masanduku ya bati, na kila familia inapohama nyumba ya kupanga, baadhi yake huishia kwenye jaa. Hakuna sheria inayomlazimisha yeyote kuvitunza.

Anayedhani kwamba bango la karamu si kitu cha chuo kikuu na aitazame Cornell. Agosti 11, 1973, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye karamu ya jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa hip-hop. Bronx ya miaka hiyo ilikuwa ikiungua, wenye majumba wakiyatelekeza. Vijana walitangaza karamu zao kwa vikaratasi vilivyochorwa kwa mkono, vingi vikiwa kazi ya msanii aliyejulikana kwa jina la Buddy Esquire. Karatasi hizo hazikutarajiwa kuishi zaidi ya Jumamosi. Mwaka 2007 maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji mdogo wa Ithaca, saa nne hivi kwa gari kutoka New York, ilianza mkusanyiko wake wa hip-hop kwa karatasi hizo, picha na sahani za santuri. Sasa zimelazwa katika makasha yasiyo na asidi, ndani ya jengo lilelile linalotunza vitabu adimu vya karne zilizopita, na huonyeshwa hadharani. Mradi wa Dandora ulianza miaka miwili tu baada ya karamu ya Herc. Bronx imepata kabati lake la kioo.

Lakini hakuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ruhusa. Mwaka 1970 ilichapishwa orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, iliyoandaliwa na J.W.T. Allen. Katika miaka ya 1960 Allen na wenzake walipita pwani, nyumba kwa nyumba, wakitafuta tenzi ambazo familia zilizihifadhi kwenye madaftari yaliyoliwa na mchwa. Mara nyingi waliozitunza na kuzijua kwa moyo walikuwa wanawake. Jambo la kuangaliwa katika orodha hiyo ni kwamba haikuishia kwenye karatasi. Jina lake lenyewe linataja miswada na kanda. Sauti ya mtu akighani utenzi ilipewa namba ya maktaba, ikawekwa sawa na mswada wa hati za Kiarabu. Yaani zaidi ya nusu karne iliyopita, maktaba ya chuo kikuu Afrika Mashariki ilishaamua kwamba ushairi wa Kiswahili uliorekodiwa kwenye kanda ni hazina ya kitaaluma. Kijana wa Dandora anayepanga vina juu ya mdundo na bibi wa Lamu anayeghani utenzi wanafanya kazi ya aina moja katika lugha moja. Kumpa mmoja namba na kumnyima mwingine hakuna sababu ya kitaaluma inayoweza kuhalalisha hilo.

Allen alifanya jambo jingine ambalo waandaaji wa maonyesho wangefaa kuliiga: alikwenda. Hakubandika tangazo la kuwataka watu walete tenzi zao ofisini. Dandora nayo haitabeba masanduku yake ya bati hadi chuoni, University Way, kwa sababu imealikwa kwa barua. Inabidi mkutubi ashuke matatu, akae sebuleni, anywe chai, aeleze anachotaka na kwa nini, na akubali kuambiwa rudi wiki ijayo. Tena aeleze wazi kwamba mwenye kaseti anabaki kuwa mwenye kaseti. Wakazi wana kila sababu ya kuwa na shaka. Wameshatoa majibu mengi bure, na msanii ambaye wimbo wake umepigwa kote nchini bila yeye kuona hela ana haki ya kuuliza mkataba unasemaje. Maktaba inaweza kunakili na kurudisha, ikaandika jina la mwenye kitu kwenye kabati kwa herufi zinazosomeka, na kumlipa anayesimama jukwaani siku ya ufunguzi kama inavyomlipa profesa mgeni.

Na maonyesho yakishafunguliwa chuoni, nakala yake iende mtaani. Mabango yakichapishwa mara mbili gharama haiongezeki sana. Ukumbi wa shule au wa kanisa, au ukuta wa barabara ile ya mfano ambayo kikundi cha Dandora Transformation League na UN-Habitat waliitengeneza ili watu wapate pa kutembea na kukaa, unatosha kabisa. Mchoro wa ploti wa miaka ya 1970 ukibandikwa hapo, mzee wa kwanza kupita atasimama, aonyeshe kwa kidole choo chake kilipokuwa, amsahihishe mchoraji, na maelezo yake yatastahili kurekodiwa kuliko hotuba yoyote ya ufunguzi.

Haraka ipo, hasa kwa kaseti. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku: mashine za kuzichezea na vipuri vyake vinatoweka, na wataalamu wengi walikuwa wameutaja mwaka 2025 kuwa mpaka, kwamba baada ya hapo kuzinakili kungekuwa kugumu na ghali. Mwaka huo haukuwa ukuta. Kanda iliyotunzwa vizuri bado inacheza. Ila kaseti iliyokaa miaka ishirini na tano ndani ya chumba cha mabati, kwenye joto la Januari na unyevu wa Aprili, haina muda wa kusubiri kamati.

Kazi yenyewe ni ya kawaida. Inahitaji deki inayofanya kazi, kichwa chake kisafishwe kwa pamba na spiriti, kompyuta, waya wa kuunganisha, na mtu mwenye sikio zuri ambaye hatatoka chumbani. Kaseti ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Hakuna njia ya mkato inayohifadhi sauti vizuri. Kaseti 200 za namna hiyo ni saa 200, yaani wiki tano za kazi kwa mtu mmoja anayefanya saa nane kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Maktaba itakayoanza kukusanya Julai, baada ya Siku ya Kiswahili, itakuwa na Agosti na Septemba za kunakili na wiki tatu za Oktoba za kuandika maelezo, kupata idhini za wenyewe na kuchapisha mabango, kabla ya tarehe 27.